Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu

Kila Desemba mzaha ni ule ule. Treni ya SGR inashusha watu wa bara pale Miritini, wanapanda matatu hadi Pirates, wanavua viatu, wanakunja suruali, halafu wanasimama pale ambapo maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Safari ya kilomita 472 inaishia hapo. Picha zinapigwa. Watoto wanakodishiwa boya la tairi na kuonywa wasiende mbali. Baadaye mtu anaposti, "Wabara wamefika," na sote tunacheka, wabara wenyewe tukiwa mstari wa mbele.

Mimi ni mbara kamili. Nimezaliwa Nakuru, mahali ambapo ziwa ni la kutazama tu: lina chumvi na lina viboko. Kwa hivyo nacheka nikijua ninachekwa. Lakini ndani ya mzaha huo kuna sentensi moja ambayo tumeimeza bila kutafuna, ati sisi hatukuumbwa kwa maji. Ati ni damu. Ati Mwafrika na bahari ni kama paka na beseni.

Wazee wana methali: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu hapa ni yule mdudu mdogo anayetembea kwa foleni. Ukimweka kando ya kifuu cha nazi chenye maji, anaona bahari nzima. Methali hii haimtukani chungu. Inasema tu kwamba ukubwa wa maji unategemea anayeyatazama na mahali aliposimama. Na mahali tuliposimama sisi, kuna watu na mambo yaliyotusimamisha hapo, na mengi yana tarehe.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 19 Julai 1545, meli ya kivita ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, Mary Rose, ilipinduka karibu na Portsmouth ikazama. Ndani kulikuwa na watu wapatao 500. Waliopona hawakufika 40. Wengi walinaswa na wavu uliotandazwa juu ya sitaha kuzuia maadui wasiparamie meli, lakini pia kuna jambo lingine: enzi hizo mabaharia wengi wa Ulaya hawakujua kuogelea. Ndiyo, mabaharia. Mtu alimaliza maisha yake yote juu ya maji bila kujua afanye nini akiwa ndani yake.

Mizinga ya Mary Rose ilikuwa mali ghali, kwa hivyo Mwitaliano mmoja kutoka Venice, Piero Paolo Corsi, akapewa kazi ya kuiopoa. Kiongozi wa wazamiaji wake alikuwa kijana wa Kiafrika wa miaka 20 hivi, mzaliwa wa pwani iliyoitwa Guinea, huko Afrika Magharibi. Jina alilojulikana nalo ni Jacques Francis. Hakuwa na mtungi wa hewa. Alikuwa na pumzi yake.

Tunamjua kwa sababu ya kesi. Corsi alishtakiwa na wafanyabiashara wa Kiitaliano kwamba ameiba mali aliyoopoa kwenye meli nyingine iliyozama, na mwaka 1548 Francis akatoa ushahidi kwenye Mahakama ya Admiralty, akizungumza kupitia mkalimani. Waliomshtaki Corsi walitaka maneno ya Francis yatupwe. Walisema ni mtumwa, na si Mkristo. Hata hivyo ushahidi wake ukaandikwa, na karatasi ikabaki. Fikiria hilo: kwenye nchi iliyojaa mabaharia, kazi ya kushuka chini ya bahari ikampata Mwafrika, na wenzake wakabishana kama anahesabika kuwa shahidi.

Francis hakuwa ajabu ya peke yake. Miaka 90 kabla yake, Alvise Cadamosto wa Venice alifika Mto Senegal akaandika kwamba watu wa huko ndio waogeleaji hodari kuliko wote duniani. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees aliandika kuhusu Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, akawasifu wenyeji kwa kuogelea na kupiga mbizi. Wahispania nao walijua hivyo, ndiyo maana waliwapeleka Waafrika kwa nguvu hadi Venezuela kuzamia lulu. Ujuzi uliosifiwa kwenye vitabu ukawa sababu ya mtu kuuzwa.

Wakati huo huo, mwaka 1571, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipiga marufuku wanafunzi kuingia mtoni au kwenye bwawa lolote. Kosa la kwanza, viboko. La pili, unafukuzwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili bila kufukuzwa na mtu, na historia nyingi ninayoijua nimeisoma kwenye simu usiku, lakini hiyo ya Cambridge inanifurahisha kila nikiikumbuka. Wasomi wa Uingereza waliogopa maji kiasi cha kutunga sheria. Leo wajukuu wao ndio wanaotukodisha miwani ya kuzamia.

Utasema hiyo ni Afrika Magharibi. Sawa, turudi nyumbani.

Sikiliza tu lugha yenyewe. Kiswahili kina kupwa na kujaa. Kina bamvua, ile siku maji yanapojaa sana na kutoka sana, na kina maji mafu, siku bahari haijishughulishi. Kina kaskazi na kusi, pepo mbili zinazogawa mwaka. Watu wanaoogopa maji hawayatafutii majina yote hayo. Kusini mwa Mombasa hadi leo maji yakipwa utaona akina mama wakitembea juu ya mwamba na vijiti mkononi, wakitafuta pweza kwenye mashimo. Wavuvi wanashuka na miwani na mkuki kwenye kina ambacho wewe na mimi tungekiona cha mwisho wa dunia.

Na wapo waliozamia mbali zaidi kuliko walivyotaka. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi waliotekwa Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba. Baadhi wakalima mitende, wengine wakawa wazamiaji wa lulu. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka kwa kamba, akakusanya chaza kwenye kikapu, kisha akaitikisa kamba ili avutwe juu. Alipumzika kidogo, akashuka tena, siku nzima, msimu mzima wa joto. Lulu hizo zilivaliwa Paris na New York. Biashara ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1920, Wajapani walipoleta lulu za kufugwa na uchumi wa dunia ukaporomoka.

Hapo ndipo ninapoona mahali ambapo uoga wetu una mizizi halisi. Kwa mtu aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa akatembezwa hadi pwani, bahari ilikuwa mahali barabara ilipokatika. Ukishafika pale, hakuna aliyerudi kueleza.

Nenda Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania, uone. Mji umepata jina lake kutokana na mapango ya matumbawe yaliyo hatua chache tu kutoka baharini. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifichwa mle wakisubiri majahazi, na watakuonyesha vyuma vilivyobaki ukutani. Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku na mkataba wa Sultan Barghash wa Zanzibar na Waingereza, Juni 1873. Utumwa wenyewe katika pwani yetu haukufutwa kisheria hadi 1907. Ni juzi. Kuna familia ambazo nyanya wa nyanya yao aliziona siku hizo.

Halafu wakaja wakoloni na bahari ikapata mwenyewe mwingine. Reli ilianzia Mombasa na kufika Kisumu 1901, na pwani ikageuzwa mlango: kahawa inatoka, bidhaa zinaingia. Nairobi ikajengwa na klabu za Wazungu, na klabu zikawa na mabwawa ya kuogelea. Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba trei au taulo. Kuogelea kukawa jambo la ngozi na la pesa, na baada ya uhuru likabaki la pesa. Hadi leo shule nyingi za umma hazina bwawa. Mtoto wa Eastleigh au Kawangware akitaka maji ya kuchezea, anapata timbo la mawe lililojaa mvua, na kila msimu wa mvua tunasoma habari za watoto waliozama humo. Mama anayekucharaza kwa sababu nywele zako zimelowa hana ushamba. Anajua hesabu.

Na hesabu ya mama zetu ilikuwa na majina. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, mita chache kutoka ufukweni, na watu 272 wakafa. Mei 1996 MV Bukoba ikazama Ziwa Victoria upande wa Tanzania, waliokufa wakahesabiwa kwa mamia. Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na bintiye ndani, na taifa likangoja karibu wiki mbili kabla ya gari kuopolewa. Sote tulitazama ule mkasa kwenye simu. Wengi wetu, hiyo ndiyo picha ya bahari iliyokaa kichwani.

Kwa hivyo mtu akiniambia anaogopa maji, simwambii asiogope. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu laki tatu hivi walikufa maji duniani. Uoga wa kupanda feri iliyojaa kupita kiasi ni akili. Ninachobishana nacho ni kile kitu kingine kilichojificha nyuma ya uoga huo, ile imani kwamba maji si yetu. Uoga wa kwanza unakulinda. Wa pili unakuibia.

Unakuibia nini? Hapo ndipo bomba linapoingia.

Wazo la kupumua kwa bomba ukiwa majini ni la kale. Aristotle alitaja vyombo vya wazamiaji alipokuwa akieleza mkonga wa ndovu: ndovu akivuka maji marefu huinua mkonga juu na kupumua. Lakini kifaa tunachokijua leo ni cha majuzi. Miaka ya 1930, pwani ya kusini mwa Ufaransa, watu walianza kuunganisha vitu vitatu, yaani miwani ya mpira, bomba fupi na mapezi ya miguuni. Mfaransa Louis de Corlieu alipata hataza ya mapezi mwaka 1933. Na neno lenyewe, snokeli, limetoka vitani. Schnorchel lilikuwa bomba la hewa la manowari za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, lililoziwezesha kukaa chini ya maji bila kuzima injini. Vita vikaisha, jina likabaki kwa watalii.

Huku kwetu, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968, za kwanza Kenya. Kisite-Mpunguti, kule mbele ya Shimoni, ikafuata miaka ya 1970. Wavuvi walipoteza sehemu walizozizoea, na manung'uniko hayo hayajaisha yote. Mgeni alikuja na dola na miwani, akaona matumbawe. Mkenya wa bara akaona picha za matumbawe kwenye kalenda.

Nilienda Kisite msimu wa kaskazi, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Usiku wa kuamkia safari nililala gesti ya Shimoni, na mzee wa boti aliyenipangia safari akanipa miwani na bomba nikae navyo. "Jaza beseni," aliniambia. "Tia uso humo. Upumue mpaka uchoke."

Nikafanya hivyo, nimepiga magoti bafuni kama mtu anayetubu. Mara ya kwanza nilitoka baada ya sekunde tatu. Maji yalikuwa ya beseni, lakini mwili haukujua. Pua imefungwa ndani ya miwani, hewa inapita mdomoni tu, na kichwa kinapiga kelele kwamba unakufa. Chungu na kifuu chake. Mara ya kumi hivi nikasikia pumzi yangu ndani ya bomba, nzito na taratibu, kama mtu mwingine amelala chumba cha pili. Nimekuja kusoma kwamba kuna sababu: uso ukiwa majini na wewe umetulia, moyo hupunguza mwendo. Mwili wa binadamu una hiyo hali tangu kuzaliwa, wa Nakuru na wa Wasini.

Asubuhi tulipita karibu na mapango, tukashuka gatini. Ni umbali wa dakika chache kwa miguu. Sikuwa na maneno ya maana ya kusema, nikapanda boti.

Pale Kisite mzee alinifunga jaketi la kuelea, akanipa boya lenye kamba iliyofungwa kwenye boti, akashuka majini kabla yangu. "Mzee wangu, nikizama?" nikamuuliza. Akacheka. "Na hilo jaketi utazamaje, mwanangu? Ukitaka kuzama leo utafanya kazi." Akanieleza mambo matatu. Usizuie pumzi, vuta kama umelala. Maji yakiingia bombani, puliza kwa nguvu mara moja, yatatoka. Ukiogopa, inua kichwa, boti iko pale pale. Kisha akanishika mkono, na mkono huo hakuuachia hadi niliposema mwenyewe.

Nikatia uso.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba uoga wa maji mengi ni uoga wa kutoona. Ukiwa juu, bahari ni bati la buluu lisilo na mwisho, na chini yake unaweza kuweka jinamizi lolote. Ukitia miwani, jinamizi linakosa mahali pa kukaa. Kuna sakafu. Kuna mchanga, na matumbawe kama mabonge ya ubongo, na samaki wa manjano wenye mistari wanaoenda zao kama wanafunzi wakitoka shule. Kulikuwa na pono, kijani na waridi, anamega mwamba kwa meno, na mlio wake unasikika kabisa, kama mtu anatafuna mahindi makavu. Pono akishasaga matumbawe hayo, kinachotoka upande wa pili ni mchanga mweupe. Mchanga ule wa pwani tunaosimamia na suruali zimekunjwa, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki.

Nilikaa majini karibu saa nzima. Sikujifunza kuogelea siku hiyo, na ni vizuri kusema wazi: kuelea na bomba ukiwa na jaketi si kujua kuogelea. Kuogelea nimekuja kujifunza Nairobi, kwenye bwawa la kulipia, Jumamosi asubuhi, pamoja na watoto wa miaka sita wanaonipita kwa urahisi. Lakini kama singeona kilichoko chini, nisingekuwa na sababu ya kulipia lile bwawa.

Kwa hivyo kama unataka kwenda, nenda kwa mpango. Chagua kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Kusi bahari huchafuka. Uliza maji yanapwa saa ngapi, maana mwenyeji anajua na atakupangia. Anza na beseni, halafu maji ya magoti, halafu boya lenye kamba. Vaa jaketi bila aibu. Usiende peke yako, na usiende na mtu anayekuharakisha. Boti isiyokuwa na majaketi ya kutosha, usipande, hata kama umeshalipa. Na ukifika Shimoni, ingia pangoni kwanza, ukae humo kidogo, kisha ndipo uende gatini. Tiketi ya pango inasaidia watu wa pale pale.

Jacques Francis alishuka na pumzi moja kutafuta mizinga ya mfalme. Wazamiaji wa Ghuba walishuka wakitafuta lulu za watu wengine. Katika historia yote hiyo niliyoitaja, Mwafrika amezama sana, na mara nyingi ni kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshika kamba. Kushuka kwa ajili ya kutazama tu samaki, ukiwa na nauli yako na muda wako, huku aliyeshika kamba akikuuliza kama uko sawa, ni jambo dogo. Nadhani pia ni jambo jipya, na linasubiri watu zaidi kule mbele ya vifundo vya miguu.